Tak Hye-ran wa Hadong, 1979–2023

Marehemu Tak Hye-ran alizaliwa tarehe 4 Machi 1979 mjini Hadong, mtoto wa kwanza wa marehemu Tak Jong-du na Bibi Pyo Mal-sun, wauza supu ya kome, wale chaza wadogo wa mto Seomjin. Alipozaliwa aliambukizwa na mama yake homa ya ini aina ya B, jambo ambalo zama zile halikumshangaza mtu.

Alisoma hapa hapa Hadong, akamaliza sekondari mwaka 1998, wa tatu darasani. Wa kwanza na wa pili walihamia Seoul. Hata leo, siku ya maziko, hawajafika.

Alikausha chai kiwandani Hwagae kwa miaka ishirini. Mwaka 2006 aliolewa na Bwana Seon Il-gyu, dereva wa basi, wakajaliwa binti, Seol-a.

Macho yake yalipokuwa ya njano na mikono kutetemeka, kila mtu alijua sababu: homa ya ini. Huku kwetu kila mtu anajua na tiba yake: supu ya kome. Mama yake alimpelekea bakuli kila asubuhi. Mwaka 2019 daktari wa Jinju akagundua zaidi: ugonjwa wa Wilson, unaorithiwa kwa wazazi wote wawili, ambapo ini hushindwa kutoa shaba mwilini. Kome wana shaba nyingi.

"Nimekulisha sumu, mwanangu."

"Umenilisha supu, Mama. Kosa lako ni chumvi tu."

Homa ya ini ilikuwa imeuficha ugonjwa wa pili mpaka ini likachakaa. Ilibaki kupandikizwa kipande cha ini la ndugu. La mumewe lilijaa mafuta. Mdogo wake Hye-ran, Gyu-ho, alijitolea, akaacha hata pombe, mji mzima ukastaajabu. Vipimo vikaonyesha naye ana ugonjwa wa Wilson, ila bado mchanga, wa kutulizwa kwa vidonge. Hakuruhusiwa kutoa.

Alivikataa vidonge.

"Dada, mimi nilikuja kukupa ini, sikuja kutibiwa."

"Basi hilo ulilobaki nalo litunze. Meza, nikuone."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, hospitalini Jinju.

Ameacha mama, mume, binti na mdogo wake. Leo asubuhi, kabla ya jeneza kubebwa, Seol-a alimletea mjomba wake vidonge na maji, akasimama pale pale.

Lala, Hye-ran. Amemeza.