Wiki Nambari Moja

Benchi la kijiwe hicho lilikuwa mlango. Nyumba yake ilibomolewa zamani, mtu akaulaza juu ya matofali ng'ambo ya kibanda cha fundi cherehani, na tangu hapo mlango uliozoea kuwazuia watu ukabadili kazi, ukawa unawakalisha. Kitasa hakijang'olewa. Mgeni hukalishwa penye kitasa ili asizoee. Wenyeji huegemea ukuta. Kwenye kivuli kabisa hukaa Kifungu, karani mstaafu, ambaye hawezi kuomba hata sukari bila kutaja kifungu cha sheria. Anayemfuata ni Wembe, kinyozi, mwenye mdomo unaokata kuliko zana zake. Birika, muuza kahawa, hakai; huinama akamimina, na akiinuka huwa ameshatia neno. Alasiri hiyo, katikati yao, alikaa Fundi Pindo mwenyewe, ameshika simu kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Mwaka ulikuwa unakata roho, mashati ya shule yameanza kurundikana, na ng'ambo ya barabara, ndani ya kibanda, mkewe Mama Mapacha alikuwa akishona vifungo bila kuimba. Pindo alijua maana ya kutoimba kule.

– Saa kumi wanafunga ofisi, Pindo alisema. Nisipowajibu leo kama nabadilisha au sibadilishi, wiki yangu imekufa.

– Pole sana, Birika akamjibu, huku akimimina. Maziko lini?

– Usicheke, bwana. Mama Mapacha kaapa.

Hapo hata Wembe aliacha kupuliza kahawa. Mama Mapacha hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Lakini asubuhi ile aliiweka sindano chini katikati ya kazi, jambo ambalo Pindo hakuwahi kuliona tangu amuoe, akasema: "Mwaka huu napumzika. Wiki nzima. Pa kupumzikia utapajua wewe uliyenunua. Ukishindwa, vifungo vya shule nzima utavishona kwa meno." Kisha akaiokota sindano. Na vifungo ni vyake yeye. Pindo hukata, huunga, hupiga mluzi. Lakini matundu, vifungo na pasi ni mikono ya mkewe. Shati lisilo na vifungo ni pazia.

– Hebu nieleweshe tena, alisema Wembe. Una nyumba ya mapumziko.

– Sina nyumba. Nina wiki.

– Una wiki ndani ya nyumba.

– Ndiyo. Wiki moja kila mwaka, maisha yangu yote. Wiki nyingine zina wenyewe. Nyumba moja, wenyewe tele, kila mtu na zamu yake.

– Kama choo cha nyumba ya kupanga, alisema Birika.

– Si choo! Pindo akapandisha sauti. Mngeiona! Jiko kubwa, sebule, bwawa la kuogelea. Mwenye kulala hoteli kila mwaka anakuta bei imepanda. Mimi nimeshanunua, nimemaliza. Halafu inakulazimisha kupumzika. Mtu kama mimi asipolazimishwa, atapumzikia kaburini.

– Umemaliza kulipa? aliuliza Kifungu kutoka kivulini.

– Nimemaliza. Imebaki ada tu.

– Ada gani?

– Ya matengenezo.

– Huwa inapanda?

– Kidogo.

– Kila mwaka?

– Kila mwaka, mzee wangu.

– Basi hukununua, Wembe akakata shauri. Umeoa. Mahari umetoa, matunzo unatoa, na bibi harusi unamwona wiki moja kwa mwaka.

– Mwache, iuze, alisema Birika.

– Niuze kwa nani? Mimi mwenyewe nilinunua kwa sababu walinilisha kwanza.

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Pindo na mkewe waliitwa kula chakula cha mchana cha bure, waje wapewe na zawadi ya sufuria. Wakala. Sahani ilipoondolewa akaja kijana mwenye tai nyembamba kama utepe wa kupimia, na meno mengi kuliko haja. Akaongea mpaka jua likahama dirisha. Kila Pindo alipotaka kuinuka, sufuria ilikuwa bado haijafika. Mwishowe akatia sahihi, chumba kizima kikapiga makofi, na Pindo, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi hata siku ya harusi yake, akainama kama bwana harusi. Sufuria ilikuja. Mfuniko wake haukuwahi kulingana nayo.

– Basi na wewe walishe watu, alisema Birika. Uwauzie.

– Kaa kimya, mimina. Fundi, wiki yenyewe ni ipi? aliuliza Wembe.

Pindo alitazama kitasa.

– Ya kwanza.

– Ya kwanza ya nini?

– Ya mwaka. Waliweka chati ukutani, wiki zote hamsini na mbili zimepangwa kwa nambari. Kijana akaniuliza, mzee unapenda ipi? Sasa mimi ni mtu wa wiki ya ishirini na tisa? Ya arobaini na tatu? Nimezoea kitambaa: nambari moja ndiyo daraja la juu, zinazofuata ni za kufanyia bitana. Nikamwambia, kijana, nipe Nambari Moja.

Birika alitua chombo chake chini kwa heshima, kama mtu aliyefika penye msiba mkubwa. Kisha Wembe akaanza kutetemeka mabega.

– Wiki ya kwanza ya mwaka… si ndiyo shule zinakaribia kufunguliwa?

– Ndiyo.

– Na wewe ni fundi wa sare za shule.

– Ndiyo, Wembe.

– Mama wa mtaa mzima wako mlangoni kwako na watoto wao, na wewe unalipia bwawa!

Kahawa ilimpitia puani. Birika alimpiga mgongoni kwa furaha zaidi ya ilivyohitajika.

– Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka, alisema Kifungu kwa majonzi.

– Hiyo inahusu nini hapa, mzee?

– Inahusu ngazi. Fundi, wiki hubadilishwa. Kifungu cha kumi na nne, sijui kama mkataba wako unacho, lakini kila mkataba wenye heshima una kifungu cha kumi na nne. Wiki ni wiki. Wiki yoyote hubadilishwa na wiki yoyote, ya mtu yeyote, mahali popote, mradi mtu yuko tayari kuipokea!

– Wiki ni wiki! Wembe akaitikia kwa sauti iliyovuka barabara.

– Nilibadilisha mwaka jana, alisema Pindo taratibu. Mwaka wa kwanza hatukwenda, mashati yalitufunika. Mwaka jana nikawaambia, nitoeni humo, nipeni pengine. Wakanipa wiki nyingine, katikati ya mwaka, kwenye jumba jipya, chumba chenye mandhari. Mke wangu akanunua kofia. Tukapanda gari, gari likazunguka, likazunguka, likatushusha pale.

Alinyoosha kidole. Wote walitazama juu. Nyuma ya mabango, ghorofa ile mpya ya rangi ya maziwa nayo iliwatazama.

– Pale?

– Pale pale. Ghorofa ya tatu. Mandhari yenyewe ni kibanda changu. Asubuhi Mama Mapacha kafungua pazia, na kofia yake kichwani, akasikia chini: "Fundi! Suruali ya mwanangu vipi?" Siku ya pili walikuwa foleni. Siku ya tatu aliniambia nishushe tu cherehani… yaani niipandishe.

– Wahenga hawakukosea, alisema Wembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na wewe ulikuwa na siku saba. Majembe matano hayo!

– Leo je? Wamekupa nini? aliuliza Kifungu.

– Binti wa ofisini ananiambia zimebaki mbili tu. Moja iko nchi ya theluji, katikati ya theluji yenyewe. Nyingine bwawa lake limefukuliwa, wanatafuta bomba.

Sasa, kila kijiwe kina saa yake ya hekima, na hekima ikishapata kikombe cha pili hairudi nyuma. Birika alifungua pazia.

– Mimi naona hivi. Hakuna nyumba nyingi. Kuna nyumba moja tu duniani. Wanaipaka rangi. Wewe ukitoka, wanapaka, anaingia mwingine, anaambiwa yuko ng'ambo.

– Na theluji? aliuliza Pindo.

– Pamba.

– Upuuzi, alisema Wembe. Tatizo si nyumba, tatizo ni shule. Badala ya kubadilisha wiki, tubadilishe siku ya kufungua shule. Tuandike barua kwa wakubwa. Watoto wakae nyumbani mpaka Mama Mapacha arudi. Nani atalalamika? Watoto?

– Mmekosa dira, alisema Kifungu, akijiweka sawa kama anayeapishwa. Wiki hii ni mali ya kurithiwa. Fundi ana mapacha. Akifa, kila pacha siku tatu na nusu.

– Mzee, mimi nipo hai.

– Usinikatize. Wajukuu kumi, kila mmoja hafikishi robo tatu ya siku, chakula cha mchana kigombaniwe. Vitukuu, saa. Vilembwe, dakika. Itafika siku mtoto wa ukoo wako atasafiri kutwa, apigwe picha mlangoni, avute maji ya choo mara moja, na zamu yake iwe imekwisha. Lakini ada, Fundi, kila mmoja ataletewa nzima.

– Sasa nifanyeje? Pindo alilia. Saa kumi inakaribia!

– Subira, alisema Kifungu. Chururu si ndo ndo ndo.

– Hiyo nayo inahusu nini?

– Bomba la lile bwawa.

Kabla Pindo hajajibu, Wembe alisimama juu ya mlango, akautikisa wote.

– Badilisha, Fundi! Badilisha na yeyote! Si mzee kasema? Wiki ni wiki, mradi mtu yuko tayari kuipokea!

– Ni kweli?

Sauti ilitoka pembeni. Mama Mapacha alikuwa amevuka barabara. Mkono mmoja ulivuta gunia la mashati ya shule. Mwingine ulishika kopo la vifungo. Kichwani alivaa kofia ya mwaka jana, ile aliyoifungulia pazia. Alikuwa hajawahi kufika kijiweni hapo hata siku moja, kwa hiyo Birika, kwa mazoea, alimwonyesha penye kitasa. Hakuketi.

– Shikamoo mzee Kifungu.

– Marahaba, mama.

– Nimekusikia kutoka kule. Shemeji Wembe ana sauti. Wiki yoyote kwa wiki yoyote?

– Kifungu cha kumi na nne, alisema Kifungu, akiwa tayari anajuta.

– Ya mtu yeyote?

– Naam.

– Basi nina swali moja dogo, baba zangu. Wiki hii, nyinyi hapa, mna kazi gani?

Swali lilikuwa rahisi. Lilipita juu ya vichwa vyao kama shuka linalotandikwa, likatua. Kifungu akaanza kupekua vifungu vyote vya kichwani mwake. Wembe alifungua mdomo.

– Mimi nina wateja, shemeji.

Mama Mapacha aligeuka kutazama saluni, hatua chache kutoka hapo. Kwenye kiti cha kunyolea alilala paka, ameweka miguu juu, kama anayesubiri ndevu zake.

Wembe alishuka kwenye mlango. Pindo alikuwa anamtazama mkewe, si gunia, si kofia: aliona ncha za vidole zilivyotobolewa na sindano zikawa kama chujio, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyepigiwa makofi.

– Basi nimepata wiki, alisema Mama Mapacha. Hii yenu naichukua mimi. Yangu hii hapa.

Akaliangusha gunia katikati ya benchi. Mlango uliguna.

– Mgeni siku mbili, ya tatu jembe, hayo mmeyasema wenyewe. Mimi sina majembe. Sindano zimo kwenye kopo, tatu, nimeshatunga uzi. Kila shati vifungo saba, na kimoja cha akiba ndani ya pindo. Mzee Kifungu, samahani, hapo kwenye kivuli ndipo chumba changu.

Kifungu, ambaye hakuwahi kuhamishwa pale hata na mvua, alisimama.

Wanaume watatu walivuka barabara na gunia, kama watu waliobeba jeneza lao wenyewe. Birika alitaka kuwafuata kwa mshikamano.

– Wewe unafanya kazi, aliambiwa. Mimina.

Simu iliita Pindo akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa binti wa ofisini, sauti tamu kama ya yule kijana wa siku ya sufuria: bwana, tunafunga, unabadilisha au hubadilishi?

– Nimeshabadilishwa, dada, alisema Pindo.

– Na ile wiki yako Nambari Moja?

– Iacheni ife.

– Ada itaendelea, bwana.

– Najua. Kifungu cha kumi na nne.

Pembeni yake Wembe alipiga ukelele: alikuwa amejishona na shati. Kifungu alikuwa ameshona kifungo kimoja, upande wa mgongoni.

Ng'ambo, Mama Mapacha alikuwa amenyoosha miguu, visigino juu ya kitasa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliinua kikombe.

– Shemeji Birika, chumba hiki mandhari yake ni nini?

– Kibanda chenu, shemeji.

– Kile kile, alisema. Akanywa funda, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika, kisha akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia:

– Fundi! Shati la mwanangu vipi?

Na Birika aliapa baadaye kwamba alipokuwa akimimina kikombe kinachofuata, alimsikia akiimba.