Karatasi Mbili za Mwalimu Visalakshi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa uani kwetu, familia imeniomba mimi, Raghavan, mwanawe wa pili, niwasomee kwa ufupi maisha ya mama yetu.

Marehemu Visalakshi alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mjini Kumbakonam, akasoma hapahapa hadi kupata shahada ya hesabu mwaka 1971, na kuanzia 1973 alifundisha somo hilo katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu mwaka 2009.

Kati ya mwaka 1972 na 1975 familia tatu zilileta posa zikaondoka, kwa sababu ramani yake ya nyota iliweka sayari ya Mirihi katika nyumba ya saba, yaani sehemu ya ramani inayohusu ndoa, na mnajimu wa familia, Mzee Panchapakesan, alisema mume wake angekufa ndani ya mwaka. Ndipo marehemu alipomfuata mzee huyo barazani kwake, akamwuliza, "Mzee, uliwahi kumwuliza mama nilizaliwa saa ngapi?" Mzee akajibu, "Binti, mimi nasoma ninacholetewa." Akamwambia, "Basi nifundishe, nisome mwenyewe."

Alifundishwa miaka mitatu, na katika kuuliza kwake aligundua kwamba baba yake aliandika saa moja jioni, saa ambayo mama yake alipokelewa hospitalini, ilhali daftari la mkunga lilionyesha kwamba mtoto alizaliwa saa tatu na robo usiku, na alipochora ramani mpya kwa saa hiyo, Mirihi ilihama nyumba. Mjomba wake alimsihi, "Ichome hiyo ya zamani, nani atajua?" Posa nyingine ilipokuja, yeye alizipeleka zote mbili kwa wakwe watarajiwa, akaziweka mezani. Mama mkwe aliguna, lakini mposaji mwenyewe, Sundaresan, karani wa posta, akasema, "Mama, karatasi ni mbili, binti ni mmoja, na mimi namtaka huyu." Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1978, wakajaliwa Meenal mwaka 1980 nami mwaka 1983, na baba yetu, mwenye miaka sabini na saba, ndiye huyo mnayemwona ameketi mbele.

Tangu hapo watu walimletea ramani zao barazani, lakini hakusoma ya mtu kabla ya kumsikiliza, alitaka kwanza aambiwe magonjwa, misiba na uhamisho uliokwisha kupita, na hayo yasipolingana na ramani alimrudisha mtu nyumbani akahakikishe saa, wala hakukubali kumhukumu yeyote kwa sayari moja.

Mwaka 2019 aliugua figo. Daktari mmoja alimtania, "Mwalimu, siku yako hujaipiga hesabu?" naye akamjibu, "Hiyo kazi yako, mwanangu, usinitupie mimi." Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea wali na mtindi kila siku, walimu wenzake, na ninyi nyote mliowahi kuondoka barazani kwetu bila jibu, mkaenda kuwauliza mama zenu, kisha mkarudi.

Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika kwa amani.