Historia ya Sikio, Fundi wa Lifti Aliyenasa Sauti

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja, mimi ni binamu yake, mtoto wa shangazi yake, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaendelea mjue kwamba haya sikuhadithiwa na mtu, niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, na kwa kuwa shule niliishia darasa la saba, tena nikalirudia ili nilielewe vizuri, nikikwama kwenye neno nivumilieni.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Machi 1966, katika chumba cha pili kutoka bombani, nyumba ya wapangaji nyuma ya kiwanda cha magodoro, akiwa mtoto pekee wa wazazi wake, na mimi nilikuwepo, nikiwa na umri wa miaka miwili, wenye wivu husema mtoto wa miaka miwili hakumbuki kitu, lakini nakumbuka vizuri kwamba alipotoka hakulia, alisikiliza kwanza, akaona hapa pana kelele, ndipo akalia.

Alianza shule ya msingi Januari 1973 akamaliza 1979, akaendelea na sekondari hadi 1983, kisha chuo cha ufundi miaka miwili, fani ya umeme na mitambo, na huko ndiko alikopewa jina la Sikio, baada ya kuuwekea mlango wa karakana sikio lake na kumwambia mkufunzi kwamba mota ya tatu kutoka dirishani itaungua kabla ya chakula cha mchana, mkufunzi akamwita mchawi, na saa sita kasoro moshi ukatoka.

Tarehe 6 Januari 1986 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja na nusu katika majengo ya ofisi, hoteli na hospitali, hadi tarehe 30 Juni 2017, kampuni ilipoleta lifti mpya zinazojisema zenyewe zinaumwa wapi, naye akaambiwa asante, na wenzake mlioko hapa ni mashahidi kwamba hakuna mkurugenzi aliyepanda ghorofa nyingi kama yeye, ila cheo ndicho hakikupanda, kilibaki pale pale chini kama lifti iliyokatika waya.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na shemeji yetu, fundi cherehani, mimi ndiye niliyewakutanisha, maana nilimtuma Sikio akachukue suruali yangu akarudi bila suruali, na Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1994, ambaye amekaa hapa mbele, nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja cha kulala, kingine cha cherehani, na marehemu alikuwa akila huku anasikiliza mashine ile ikitembea ng'ambo ya ukuta, ikisimama tu anauliza kuna nini.

Shemeji macho yalipoanza kumsumbua, aliacha kuandika vipimo vya wateja kwenye daftari, mkono mmoja una utepe, mwingine una chaki, akawa anavisema kwenye simu na kuvirekodi, bega kumi na tano, kiuno thelathini na nne, vuta pumzi dada usinidanganye, na alipofariki tarehe 14 Oktoba 2016, kwa shinikizo la damu, simu ile ilikuwa na rekodi arobaini na moja, na hiyo ndiyo sauti pekee aliyoiacha duniani, kwa sababu picha alikuwa na picha nyingi, lakini picha haisemi.

Rekodi ya kumi na saba ilikuwa ya binti yao, alipopimwa gauni la mahafali, sekunde ishirini na tatu tu, vipimo, binti anacheka, na mwishoni mama yake anamwambia, simama wima, mama.

Baada ya kuachishwa kazi, marehemu aliishi peke yake, na upweke wake sikuusikia kwa watu, nilikuwa nafika kila Jumapili, au tuseme Jumapili nyingi, namkuta amekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya cherehani iliyofunikwa, simu sikioni, anasikiliza vipimo vya watu ambao nguo zao zilikwisha chakaa, namsalimia ananiinulia kidole kwamba ningoje mtu amalizwe kupimwa.

Ghorofa ya chini yake alipanga mama mmoja anayetengeneza matangazo ya redio, sisi tunamwita Mama Matangazo, naye yupo hapa, siku moja mwezi Februari 2018 alipanda ngazi kumuuliza kwa nini anagonga bomba kutwa nzima, marehemu akamweleza kwamba bomba lile likigongwa juu linalia kama lifti ya hospitali ikifika ghorofa ya nne, Mama Matangazo badala ya kugomba akashuka akaleta maikrofoni, akanasa mlio ule mmoja, akaushusha chini kwa kompyuta hadi ukawa ngoma nzito ya kutikisa kioo, akaurudisha nyuma ukawa kama mtu anavuta pumzi, akauvuta ukawa mrefu kama filimbi ya treni, na marehemu, ambaye kwa mwaka mmoja na zaidi hakuwa amecheka, alicheka hadi akakaa chini.

Kuanzia hapo akawa mwanafunzi akikaribia miaka hamsini na miwili, akapewa kompyuta kuukuu, akajifunza kwamba muziki siku hizi si lazima upige ala, unaweza kunasa sauti yoyote, ukaikata inapoanzia, ukaipanga, ukairudia, ukaifanya kitu ambacho yenyewe haikuwahi kuwa, na kwa sikio lile hakuna kilichopona, alinasa mkasi, zipu, utepe unavyojirudisha kwenye kasha lake, mfuniko wa sufuria, mlango wa lifti ya hospitali ambayo walinzi walimruhusu aipande kwa heshima ya zamani, alininasa hata mimi nikikoroma kwenye kochi lake, akanitengeneza zeze, na nasema bila kujisifu kwamba katika wimbo ule mimi ndiye niliyekuwa bora.

Mama Matangazo alimpa sheria moja kubwa kuliko zote, kwamba ukitaka kukata sauti, kwanza toa nakala, ukate nakala, ile ya asili haiguswi, akaiandika kwenye karatasi wakaibandika juu ya kompyuta.

Tarehe 22 Agosti 2019 marehemu alikuwa amekwisha hamishia rekodi zote arobaini na moja kwenye kompyuta, kwa kuwa simu ya shemeji ilivimba betri, nayo baadaye ikafa, akafungua ya kumi na saba, alitaka tu kuona kama kicheko cha binti kinaweza kuwa kayamba, akakikata, akakata na maneno, akatupa visivyofaa, alipomaliza programu ikamuuliza kama aiweke hii mpya mahali pa ile ya zamani, na mtu aliyebonyeza vitufe kwa miaka thelathini na moja bila kitufe hata kimoja kumuuliza mara mbili, akabonyeza ndiyo, akaizima kompyuta akaenda kununua mkate.

Aliporudi alifungua akakuta vipande vinne, kicheko, neno wima, pumzi, na kibofyo cha simu kuzimwa, sekunde mbili jumla, akahangaika siku tatu, Mama Matangazo naye akahangaika, haikurudi.

Mwezi Oktoba mwaka ule binti alikuja likizo, akaomba asikilize ile ya gauni, baba mtu angeweza kudanganya, angeweza kusema simu ilikufa nayo, mimi ningesema hivyo, lakini yeye alimwekea vile vipande kama vilivyokuwa, vimepangwa kwenye mdundo, binti akasikiliza mara moja, akavua visikilizio, akasema, "Baba, umemkata mama vipande vipande, halafu umemchezea ngoma."

Hakupiga kelele, alichukua mkoba wake, na hakupiga simu tena, wala za baba yake hakuzipokea, na simlaumu, ninaeleza tu ilivyokuwa.

Basi miaka mitatu iliyofuata mtu huyu, ambaye wengi mlidhani amechanganyikiwa kwa vile aliacha hata kupokea salamu ngazini, alikuwa na kazi moja, kuijenga upya sentensi ya maneno matatu, alibakiwa na wima, akalitafuta simama kwenye zile rekodi arobaini zilizobaki, halikuwepo, akaliokota kwa silabi, si akaipata kwenye sitini, ma ya kwanza akaitoa kwenye mabega ya mtu, ma ya pili akaitoa kwenye makalio ya mteja mmoja ambaye yupo hapa na simtaji, ma hizo hizo mbili akazirudia zikawa mama, akaziunganisha, zikatoka kama lifti mpya inayotangaza ghorofa, kila silabi na hali yake, moja ya asubuhi, nyingine imechoka, akajifunza kushusha hii na kupandisha ile, kunyoosha isiyotosha, kuficha kiungo chini ya pumzi, alirudia mara nyingi kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kukaa wima nikifika kwake.

Siku moja nilimwambia, binamu, imefanana, acha sasa, akaniambia, "Imefanana, lakini yeye hakuwa anasema na watu wote, alikuwa anasema na mtoto," na kuanzia siku ile hakujaribu tena kuifanya iwe ile ya zamani, aliikubali na viraka vyake kama nguo iliyoshonwa kwa vitambaa vya watu, akaizungushia wimbo wa dakika kumi na moja, cherehani inaanza mbali, mkasi, utepe, lifti inapanda, yote hayo aliniambia kwa mdomo, na karibu na mwisho vyote vinanyamaza, maneno yale matatu yanapita mara moja tu, akaumaliza tarehe 20 Novemba 2022, akautia kwenye flashi, akaifunga kwenye bahasha, akaandika jina la binti yake kwa herufi kubwa kama za kwenye kibao cha hatari.

Tarehe 17 Desemba 2022, siku ya Jumamosi, nilimpelekea binti bahasha ile mimi mwenyewe, kwenye mji anakofanya kazi, akanikaribisha, akasikiliza dakika zote kumi na moja, kisha akaniambia, "Mwambie baba nimemsikia mama," nami nikamfikishia marehemu maneno hayo siku ya pili yake, akaniomba niyarudie, akaniuliza alikuwa ameketi au amesimama, nikamwambia ameketi, akasema sawa, akafunika kompyuta kwa kile kitambaa cha cherehani, na tangu siku hiyo akawa analala mchana kama mtu aliyemaliza zamu.

Maradhi yalianza Februari mwaka huu, mapafu, tarehe 24 Aprili akalazwa katika hospitali ile ile ambayo lifti zake alizitengeneza, alipopandishwa ghorofa ya nne kwa kitanda alimwambia muuguzi waiangalie roda ya kushoto, lile gurudumu linalopitisha waya wa lifti, nikataka kumpigia binti, akanikataza, akasema, "Amekwisha kunijibu, msimsumbue kazini," nikairudisha simu mfukoni, na siku ya Jumanne, tarehe 2 Mei 2023, saa nne asubuhi, akafariki, tukiwa chumbani mimi na muuguzi, na binti akafika siku iliyofuata.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa ghorofa ya nne, kwa Mama Matangazo aliyekuwa mwalimu na ndugu, kwa majirani waliovumilia bomba, mifuniko na lifti isiyokuwepo, kwa mafundi wenzake waliobeba jeneza ngazi zote zile kwa kuwa jengo lake halina lifti, na kwa wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja.

Karatasi yangu ilikuwa inaishia hapo, lakini asubuhi hii nilimpa binti aisome kwanza, kama ilivyo adabu, akaisoma yote, akanirudishia, ila chini ya sentensi moja amepiga mstari kwa kalamu, na sentensi yenyewe ni ile ya tarehe 17 Desemba, basi nasema mbele yenu, safari nilikwenda, mlango niliufikia, ni wa kijani, ndani nilisikia vyombo vinaoshwa na mtu anaimba kidogo, nikainua mkono nibishe hodi, nikaogopa, mimi ambaye mnanijua sifungi mdomo, niliogopa atanirudishia bahasha machoni pangu nami nimpelekee baba yake, nikakaa kwenye ngazi karibu saa nzima nikaondoka, na yale maneno, mwambie baba nimemsikia mama, niliyatunga njiani, na kwa ajili ya maneno hayo, mwanangu, baba yako alikataza usiitwe, nami nikayaacha yakae hata alipokuwa anaondoka.

Mengine yote ni kweli, hilo peke yake ndilo langu.

Bahasha ni hii hapa, haijafunguliwa, sijausikiliza wimbo huo wala hakuna mtu mwingine aliyeusikia ukiwa kamili, kwa hiyo mwanangu usiniambie lolote, hata ukiusikiliza usije ukanieleza, nikipewa jibu nitaliongeza chumvi, mwambie baba yako wewe mwenyewe.

Sikio, binamu yangu, pumzika kwa amani, mjumbe wako nimejiuzulu.