Marehemu Daktari Joash Obuya na Chanjo Iliyobaki Aina Moja

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa, majirani wa Riruta na wa Kilimani, na ninyi mliovaa suti nyeusi katika viti vya mbele, mimi ni Peres Awuor, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kamati ya mazishi ilijaribu kunipokonya mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwenye kundi la WhatsApp. Bwana Mwaura, mkurugenzi wa kampuni aliyoifanyia marehemu kazi, aliniambia katika mkutano wa kamati kule hoteli ya katikati ya jiji, mdomo ukiwa na sambusa, "Sister, fanya iwe short, halafu hiyo part ya kazi utuachie sisi," nami nikamjibu kwamba aliyembeba huyu mtoto mgongoni ni mimi, si kampuni. Basi nitasoma yote, na aliye na haraka mlango uko wazi.

Joash alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya chumba kimoja hapa hapa Riruta, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Obuya, aliyechoma nyama Kenyatta Market hadi mikono ikakataa, na hayati Mama Dorina, aliyetupikia mifupa iliyobaki jioni na kuiita karamu. Tulikua kwa ng'ombe, tukasoma kwa ng'ombe, ndiyo maana nacheka ninaposikia kwamba marehemu alifunzwa habari za ng'ombe huko Uskoti.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 hapa Riruta, akaingia sekondari kule Siaya mwaka 1982, akafaulu vizuri, siwezi kumnyima hilo, akajiunga na chuo kikuu mwaka 1988, kule Kabete, akahitimu udaktari wa mifugo Desemba 1993, kisha Septemba 1999 akaenda Uskoti kwa shahada ya uzamifu, akarudi Agosti 2003 akiwa na cheti, koti zito la baridi, na ugonjwa mpya wa kula nyama choma kwa uma. Baba yetu alimtazama akizihangaikia mbavu zile kwa kisu na uma, mezani Kenyatta Market, mbele ya wateja wake wote, akainuka akarudi kwenye jiko lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwita Joash, hata mimi, alikuwa Daktari asubuhi na Daktari usiku, na alipohamia Kilimani, kwa wenye nazo, akaanza kusema Riruta inanuka nyama, kana kwamba harufu hiyo haikumlipia karo.

Ndoa nimeitanguliza mbele ya kazi kwa makusudi, kwa sababu katika nyumba ile ilikuja nyuma kila siku. Alifunga ndoa na Caren tarehe 7 Desemba 1996, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Odero, aliyezaliwa 1998, na Syokimau, aliyezaliwa 2005 na kupewa jina la nyanya yake wa Ukambani. Caren alimlea Odero wakati baba yao yuko Uskoti, akawalea wote wawili wakati baba yao yuko Kilimani katika nyumba hiyo hiyo, na sijawahi kumsikia akilalamika, ingawa mimi ningelalamika hadi majirani wahame.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa mwezi Mei 2011 na kampuni ya Bwana Mwaura, yenye ofisi ya vioo Kilimani na boma la ng'ombe nje ya jiji, akasimamia utengenezaji wa chanjo ya ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, inayovimbisha tezi za ng'ombe na kumuua akiwa amenona. Nitaieleza chanjo yenyewe kwa sababu nusu ya mliomo humu mmeisifu wiki nzima bila kujua ni nini. Ni chanjo hai, yaani ng'ombe anadungwa vimelea vyenyewe vya ugonjwa, na saa ile ile anadungwa dawa ya kuvituliza, ili mwili wake uwajue adui bila kuuawa nao. Lakini vimelea hivyo si vya aina moja, viko vya namna nyingi huko malishoni, na ng'ombe aliyezoea aina moja anaweza kuuawa na nyingine, kwa hiyo chanjo huchanganywa kutoka aina tatu. Ni kama askari wa plot, ukimwonyesha picha ya mwizi mmoja tu, atamfungulia geti wa pili na kumsaidia kubeba televisheni.

Sasa, utaratibu waliouacha waliomtangulia ulikuwa kwamba kila aina ikuzwe katika ng'ombe wake, kupe walishwe kwa ng'ombe huyo, wasagwe peke yao, na mwisho ndipo zote tatu zichanganywe na kugandishwa. Ni kazi ndefu, na Daktari wetu aliiona ya kizee. Mwaka 2021, baada ya kupewa tuzo kwenye hoteli kubwa na kupigiwa makofi na watu wasiojua kupe ana miguu mingapi, aliamua kuzichanganya aina zote tatu mapema, ndani ya ng'ombe mmoja, kisha awalishe kupe hapo hapo, na kila toleo jipya la chanjo akalianzisha kwa vimelea vya toleo lililotangulia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vimelea navyo hufanya kama watu kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi hula na wengine hubaki wakitazama, na kila toleo aina moja ikazidi kunenepa huku mbili zikififia. Yeye alipima kitu kimoja tu, kwamba kupe wamejaa vimelea, akaona wamejaa kweli, akafurahi. Ni vimelea gani, hakuuliza. Chupa ziliendelea kuandikwa aina tatu.

Aliyeuliza ni Dr. Sejal Kamlesh, mtaalamu wa jeni aliyekuwa chini yake, yule dada aliyesimama pale mlangoni kwa sababu hakuna aliyempisha kiti. Alichunguza jeni za vimelea vya toleo la mwaka 2023, akaenda ofisini kwa marehemu, akamwambia, "Daktari, hapa imebaki aina moja tu, please tusiitoe hii batch," naye marehemu, ambaye mwenyewe alinisimulia haya akicheka, alimjibu, "Sejal, mimi nilikuwa nadunga ng'ombe wewe ukiwa nursery." Sejal alikwenda hata kwa Bwana Mwaura, ambaye alimwambia wateja wanangoja. Chanjo ikatoka, na kati ya Machi na Mei 2024 ng'ombe wa watu wa Narok, waliochanjwa na kuvishwa hereni za kuonyesha wamechanjwa, walivimba tezi na kufa na hereni zao masikioni. Marehemu alisema kwanza kwamba wafugaji hawakuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Hilo liliposhindikana, tarehe 15 Julai 2024, alisema mbele ya uchunguzi wa kampuni kwamba aliyechanganya aina zile vibaya ni Dr. Sejal, Bwana Mwaura akatikisa kichwa kukubali, na dada huyu akasimamishwa kazi, akashtakiwa kwa bodi inayosimamia wataalamu wa mifugo, na kesi yake itasikilizwa Alhamisi ijayo, akipatikana na hatia hatafanya kazi hii tena maishani.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Novemba 2024, tumboni, akauficha, kwa kuwa Daktari hawezi kuumwa, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Alilazwa Machi 2025 ikiwa saratani imeshaingia kwenye ini. Ni hapo wodini, mimi na Caren tukiwa tumekaa kila mmoja upande wake, aliposema yote kwa mdomo wake, kwamba ni yeye aliyechanganya, na kwamba Sejal alimwonya. Nilimpa simu nikamwambia ampigie. Akasema, "Peres, wachana na hiyo story, nikitoka hapa nitaisort." Kila siku nilimpa simu, na kila siku alikuwa na pumzi ya kumpigia Bwana Mwaura kuuliza kama picha yake bado imetundikwa mapokezi pale ofisini. Nilimdharau, nasema wazi, nilimlisha uji kwa kijiko huku nikimdharau, na nilimpenda, na sijui mtu hufanya nini na vitu hivyo viwili kwa mkono mmoja. Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 3 Juni 2025, bila kupiga.

Kwetu, kabla mtu hajazikwa, mzee husimama akauliza mbele ya watu wote nani ana dai na marehemu, ili ugomvi usizikwe naye. Kamati ililiondoa jambo hilo kwenye ratiba, ikasema ni ushamba. Mimi nimelirudisha. Dr. Sejal hajasema neno, kwa heshima yake, amekuja kumlilia mtu aliyemharibia jina, wakati wenzake wa viti vya mbele wamekuja kuhakikisha kwamba marehemu amenyamaza. Kwa hiyo nadai mimi kwa niaba yake. Mmesikia kanisa zima, aliyechanganya ni ndugu yangu, aliyeonya ni huyu, na Bwana Mwaura alijua. Alhamisi mimi na Caren tutasimama mbele ya bodi na kuyarudia haya tukiwa tumeapa, na huyo anayenipigia ishara nimalize, nimemwona, namaliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kujali alivyowasahihisha, jirani yetu wa Kilimani, Bwana Mohinder, aliyemwendesha hospitalini kila wiki na kuitwa dereva kwa malipo yake, kina mama wa Riruta waliopika, na wafanyakazi wenzake, hasa kwa shada kubwa la maua, ambalo linatosha kumfunika mtu mzima.

Dr. Sejal, njoo mbele ukae na familia, Odero, mpishe dada yako kiti. Nawe Joash, mdogo wangu, leo nakuita jina lako na huwezi kunikataza, uliloshindwa kulisema limeshasemwa, hakuna tena cha kuogopa, lala.