Bwana Alivyoniketisha kwenye Kiti cha Fundi Hamza

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa na ninyi mliokaa, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi! Nimeombwa niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ila mambo yenyewe si mafupi.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Eliza, yule mama anayepiga taipu nyumbani. Mume wangu Yohana alikuwa mpasua mbao. Alifia msituni, miaka michache baada ya Uhuru. Fundi Hamza, seremala wa kule chini ya shule, alimwomba akamsaidie kuangusha mti. Mti ukageuka, ukaanguka upande ambao hawakuutazamia. Hamza akawahi kuruka. Yohana hakuwahi.

Hamza alikuja msibani, nami nikamgeuzia mgongo mbele ya watu. Tangu siku hiyo sikumsalimu. Ni mtu mzima kwangu, ilinipasa kumwamkia shikamoo kila tulipokutana, lakini nikimwona nilikuwa naacha njia napita shambani kwa watu. Mnajua kwetu hilo ni aibu kiasi gani. Miaka minne, ndugu zangu! Na kila Jumapili nilikuwa hapa nikiimba.

Ndipo nikaanguka. Ilikuwa wakati wa mvua, natelemka na mzigo wa kuni, udongo ukanitelezesha, nikapiga mgongo juu ya jiwe. Hospitali wakaniambia uti wa mgongo umeumia, nitatembea, lakini mizigo basi, na milima basi. Wakati huo nilikuwa karani wa taipu katika ofisi moja mjini Lushoto. Azimio limetangazwa, vijiji vinaanzishwa, barua na mihtasari haviishi. Kupanda na kushuka kila siku nisingeweza tena. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Tanga, mpole, akaniletea mashine ya taipu nyumbani.

"Mama, fanyia kazi hapa hapa," akaniambia. "Karatasi zikifika kwa wakati, mshahara wako upo. Zikichelewa, sitakuwa na neno la kukutetea."

Nilimshukuru Mungu. Kumbe taabu ndiyo kwanza inaanza! Nilikuwa na kigoda cha jikoni tu. Nikikalia kigoda, meza inanifika kidevuni. Nikaweka sanduku juu yake mto, sanduku halina pa kuegemea. Baada ya ukurasa mmoja maumivu yanatoka kiunoni yanashuka mguuni kama maji ya moto. Nikapiga taipu nimepiga magoti mpaka magoti yakavimba.

Nikasikia Mzungu mmoja wa upande wa Irente anauza vyombo vyake anaondoka. Nikajikokota mpaka huko. Kulikuwa na kiti cha ofisini, cha ngozi, kina mgongo mrefu. Nilikikalia. Ndugu zangu, mgongo wangu ulinyamaza! Nililia pale mbele ya wanunuzi. Kisha mfanyabiashara mmoja wa mjini akataja bei, nikainuka nikampisha.

Kwa hasira, nikarudi kwa njia ya sokoni nikanunua kiti cha kukunja, kimepakwa rangi nyekundu, kinang'aa. Sikukikalia hata mara moja kabla ya kukilipia. Nilikinunua kwa macho. Kilikuwa na chuma kinachopita palepale panaponiuma! Akiba yangu yote ikaishia pale.

Karatasi zikaanza kuchelewa. Mara ya kwanza mkubwa wangu alinyamaza. Mara ya pili alileta ujumbe wa onyo.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nami, akaniita jikoni.

"Nenda kwa Hamza," akasema. "Hakuna mwingine hapa anayetengeneza kiti kwa uwezo wetu."

"Mama, afadhali nikalie mawe."

"Aliyekufa ni mwanangu. Mimi nilimzaa. Nami Hamza namwitikia salamu yake. Wewe unamkatalia kwa ajili ya nani?"

Maneno hayo yakanikasirisha zaidi. Badala ya kwenda kwa Hamza, nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko mgongo. Nilimtoa Eliza wangu, mtoto wa miaka tisa, nikampeleka kwa baba yake mkubwa kule Mnazi, ili nipunguze mtu wa kulisha. Mtoto wa mlimani, aliyezoea baridi na ukungu, nikamshusha kwenye joto na mbu. Alipanda lori akinitazama. Hakulia. Alidhani amenikosea.

Haikupita miezi miwili, shemeji yangu huyo akampandisha mlimani amembeba mgongoni. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Hospitali alilala siku nyingi hatujui kama ni wetu au si wetu. Mungu akamrudisha, lakini sikio la kushoto halikurudi. Nilimwita, "Eliza!" Akageuka upande ambao sikuwapo.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponikamata. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliona mtoto wangu anageuka upande ambao sikuwapo. Nikaungama pale pale kando ya kitanda: "Bwana, chuki hii niliidhani ni mapenzi yangu kwa Yohana. Imemla mtoto wake. Iondoe, mimi siwezi."

Tuliporudi nyumbani, asubuhi yake nikaenda kwa Hamza. Alikuwa anaranda ubao. Aliponiona aliacha randa akasimama.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

Akajipangusa mikono, akaitikia. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nikamwambia nimekuja kwa shida ya kiti, na pesa niliyonayo ni kidogo. Hakuuliza ni kiasi gani. Akaniketisha juu ya boriti, akanipima kwa kamba: kutoka wayo hadi goti, kutoka nyonga hadi bega. Akaniuliza, "Panauma wapi?" Nikamwonyesha. "Ukiinama mbele au ukiegemea?" Hata daktari hakuniuliza hivyo! Kisha, akiwa ananipima, bila kunitazama, akasema: "Nilimwita kwa jina. Nilimwita mara mbili. Sauti haikufika, mti ulikuwa unalia kwa kuvunjika." Miaka minne alikuwa na maneno hayo, na mimi nilimkosesha mtu wa kumwambia. Tulilia wote wawili kwenye maranda yale.

Kiti kilikuwa cha mgrivilea, mti tunaoupanda mashambani kila siku. Pa kukalia alisuka kamba ya katani, pa kuegemea alipapinda kidogo na kuacha nafasi palepale penye maumivu yangu. Miguu yangu ilifika chini yote. Nilipompa pesa, niliogopa ataikataa. Aliipokea.

"Nikikataa," akasema, "utasema nimenunua msamaha wako. Kiti umenunua. Hilo jingine umenipa."

Nataka niseme ukweli mbele za Mungu. Sikupona kabisa. Nikikaa muda mrefu lazima niinuke, nizunguke uani, ndipo nirudi. Karatasi zangu zilifika kwa wakati, kazi ikabaki, Eliza akarudi shule, akakaa dawati la mbele ili amsikie mwalimu. Lakini sikio lake halikufunguka, na kila nikimwita nasogea upande wake wa kulia. Kuna vitu Bwana anavirudisha, na kuna vitu anatuachia tuvibebe pamoja naye.

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Hamza. Mimi Mkristo niliingia msibani kwao nikiogopa sijui nikae wapi. Mjane wake akaniona, akanisogezea nafasi kwenye mkeka wake mwenyewe, akasema, "Kaa hapa, alikuwa akikutaja." Ndugu zangu, je, kama ningechelewa? Ningekaa wapi siku ile?

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye sasa amelala. Nawashukuru mlionisikiliza. Na wewe uliye humu, unayejua ni nani huwa unaacha njia ukimwona, usingoje ugonjwa wa mtoto ukufundishe. Mwamini Bwana leo. Tukitoka hapa, usipite shambani kwa watu. Pita njiani, mkutane naye, umwamkie.