BWANA kwa Herufi Kubwa

Ukishuka treni Voi mwaka ule wa sabini na nne, kabla hujauliza choo kiko wapi, ungekuta taruma la reli limelazwa juu ya mawe mawili nje ya stesheni, na juu yake wamekaa watu wanaojua kila kitu. Birika likiwa na moto, hakuna jambo lililowashinda. Asubuhi hiyo Silvanus, ambaye kijiwe kilimbandika jina la Kanoni, cheo cha mapadri wakubwa, kwa kumcheka, alikuwa ameteremka kutoka Werugha milimani na sweta lake la baridi, jasho linamtoka. Saa nne padri angemhoji kama anafaa kuwa msomaji wa kanisa. Alishaanguka mara mbili, kwa swali lile lile: kwa nini kwenye Biblia mahali pengi wameandika BWANA kwa herufi kubwa tupu? Mwaka jana alijibu kwamba mashine ya kuchapa ilikwama. Wazee wa kanisa walicheka mpaka mkewe Wakio akasikia huko nje. Akianguka na leo, hawatamhoji tena.

— Nusu ninayo, alisema. Chini ya hiyo BWANA kuna jina lenyewe la Mungu, la Kiebrania. Herufi nne, irabu hata moja hakuna. Linatokana na neno la kuwa, ndiyo maana Musa aliambiwa, niko ambaye niko. Lakini limeandikwa hapo, na Myahudi akilifikia anasoma Bwana. Kwa nini?

Wa kwanza kurukia alikuwa Dishon Oduor wa relwe, aliyeitwa Bendera kwa kuwa ndiye aliyepepea bendera treni zikiondoka.

— Hiyo ni relwe tupu. Kwenye behewa si tunaandika MSA? Irabu ziko wapi?

— MSA ina A, alisema Donald, jina la kijiweni Wakili, maana alishinda kortini akisikiliza kesi za wenyewe.

— Hiyo A imepanda bila tiketi.

— Sawa, Silvanus akasema. Lakini ukiona MSA unasoma Mombasa. Husomi Taveta.

Bendera akanywa kahawa kwanza.

— Basi walibadilisha treni njiani.

— Nyinyi hamjui sheria, Wakili akasema. Ukimtaja mtu jina kortini, lazima aitwe shahidi. Wayahudi walikuwa na kesi nyingi, hawakutaka Mungu asumbuliwe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Sasa mgema ameingiaje hapo?

— Ameingia. Wewe ndiye hujafika.

— Hapana, sikilizeni, Bendera akasema. Wale walikuwa jangwani, koo zimekauka. Haba na haba hujaza kibaba, wakaweka akiba ya irabu. Ndizo hizo baadaye wakagawiwa Wadawida wa Taita, ndiyo maana wanazo nyingi.

Muuza kahawa alicheka mpaka vikombe vikagongana. Silvanus hakucheka. Saa nne ilikuwa inakuja, na mdomoni hana kitu ila irabu za akiba.

Hapo akafika Gertrude; yeye na mumewe Kiilu ni Wakamba waliohamia majuzi tu kwenye kota za relwe. Alishika chupa ya kutilia kahawa, na mtoto wake anayetambaa na kutembea nusu nusu alikuwa ameshaelekea relini.

— Mzee, rudi. Mzee, nakwambia kuja hapa.

— Mama, Wakili akauliza, hako katoto ndiko Mzee?

— Mimi namwita hivyo.

— Na jina lake hasa?

Gertrude akavuta leso mdomoni.

— Jina liko. Baba yake analiita. Ni la baba mkwe wangu, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe. Nikilitamka nimemkosea heshima.

Silvanus aliweka kikombe chini.

— Na siku akienda shule, ukaliona limeandikwa?

— Nitaliona, nitalijua. Lakini nitasoma Mzee.

Silvanus aliinuka, kahawa ikamwagikia suruali ya mahojiano, asijali.

— Analiona, analijua, anasoma Mzee. Nao Wayahudi jina la Mungu waliliona, walilijua, wakasoma Bwana. Haikuwa kiu, Bendera. Ilikuwa adabu.

Akaondoka mbio na sweta lake, mtu mzima mwenye mke.

— Kwani huyo, Gertrude akauliza, akishalijua hilo jina la Mungu, atamwambia nini?

Gertrude akajaziwa chupa yake akaenda.

Saa sita Silvanus alirudi, sweta kafunga kiunoni, Wakio pembeni anacheka meno yote nje. Padri alikuwa ameomba asimuliwe habari ya mama na mtoto mara ya pili, na wazee wa kanisa walimpa mkono mmoja mmoja. Bendera alimwona toka mbali, akainua kitambaa chake cha kijani.

— Kanoni, uko?

— Niko.

Safari hii hilo jina halikuchekwa na mtu. Wakampisha katikati ya taruma.

— Lakini yule mama ametuachia kazi, Bendera akasema. Ati ukishalijua jina la Mungu, utamwambia nini?

Silvanus alimtazama Bendera, akaanza kutabasamu.

— Nitamwuliza kama ulivyoniuliza wewe sasa hivi. Uko?

— Si alishamjibu Musa, akasema Wakio.

Muuza kahawa aliinamisha birika, halikutoa kitu.