Mabao Mawili ya Bacău

Otilia, binti yangu, zima hiyo televisheni, maana hao wanaokimbia hapo si washambuliaji, ni watu waliochelewa basi. Dorin, mwanangu, vuta kiti ukae upande huu, ambako sikio langu bado linafanya kazi. Nisikilizeni mpaka mwisho na msinikatize, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kipindi kimoja tu na hakuna dakika za nyongeza. Daktari amesema wiki. Mimi nasema huyo daktari anapenda kubembeleza watu.

Nataka kugawa nilicho nacho, halafu nimwambie Dorin jambo nililomficha miaka thelathini na minane, na akishalisikia, yeye ndiye atakayeamua nizikwe wapi. Kule juu makaburini mama yenu Saveta amelala katikati. Kulia kwake yupo mume wake wa kwanza, Petre Hanciu, baba yako mzazi, Dorin. Kushoto pametengwa pangu. Msalaba umeshachongwa, jina Gavrila Stoinea limeshaandikwa, bado mwaka tu. Lakini pale siendi mpaka wewe useme niende.

Tuanze na vyepesi. Nyumba hii ni ya Otilia, kwa kuwa ndiye aliyebaki nayo na ndiye anayejua bomba lipi huganda. Miplamu ya nyuma ni yenu wote wawili, na msije mkagombana kama jirani yetu Fănică na dada yake, waliokata mti mzima ili kila mtu apate nusu ya kuni. Chungu cha shaba cha kupikia tuika, pombe yetu ya plamu, ni cha Dorin, ingawa tuika ya Dorin mtu angeweza kuoshea vidonda. Unacheka, Otilia? Wewe yako inanuka sabuni. Jezi, medali na magazeti chukueni mnavyotaka. Viongozi wa klabu watakuja na bendera na hotuba. Wapeni chakula, wapeni kinywaji, lakini bendera warudi nayo.

Kocha Toader, aliyeniweka benchi msimu mzima kwa sababu niliicheka kofia yake, nimemsamehe. Kofia sijaisamehe.

Nilikuwa mkali, wanangu. Siwezi kulisema hilo kwa unyenyekevu, kwa sababu unyenyekevu sikuwahi kufundishwa. Shule niliiacha darasa la saba, na mwalimu wa hesabu alimshukuru Mungu kwa sauti. Mabao mia moja na kumi na tisa ligi daraja la kwanza, na mengine ambayo waamuzi waliyakataa kwa wivu. Mashabiki waliniita Mwizi, maana mabeki walikuwa wananiangalia, wananiangalia, wakipepesa macho tu mpira uko wavuni. Kipa mmoja wa timu ya taifa aliniambia kabla ya kona, "Gavrila, leo utatoka hapa mikono mitupu kama baba yako kutoka baa." Nikamwambia, "Bwana, wewe fanya mazoezi ya kuinama." Aliinama mara tatu. Ya tatu niliinama naye, nikamsaidia kuokota.

Sasa linakuja zito.

Enzi zile hakuna mchezaji aliyeandikwa mchezaji. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mchimba makaa wa mgodi wa Cerbeni, kikosi cha tatu, chini ya ardhi, zamu sita kwa wiki. Chini nilishuka mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili mpiga picha wa gazeti alinitangulia. Kila mchimbaji alikuwa na namba yake kwenye kibao cha bati, na akishuka kibao kinatolewa ubaoni na taa yake inatoka rafuni. Yangu ilikuwa 417. Kila zamu mzee Bojin, karani wa chumba cha taa, alikitoa kibao changu ubaoni na kuifungia taa yangu kabatini, ionekane nimeshuka. Zamu ikiisha anavirudisha. Makaa yangu waliyachimba wenzangu watano. Mkuu wao, Ghiorghe Mutu, alinikamata mkono sokoni mbele ya watu akaugeuzageuza. "Jamani, njooni mwone mkono wa mchimbaji mwenzetu! Hata mke wangu siku ya harusi hakuwa na mkono laini hivi!" Watu wakavunjika mbavu. Akanipiga begani: "Usijali, Mwizi. Wewe tufungie Jumapili, sisi tutakuchimbia." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Hakuna aliyeona ubaya wake, maana kila mgodi ulikuwa na timu, na kila timu ilikuwa na wachimbaji wa aina yangu.

Miaka ile hata Jumapili walishuka. Jumapili ya tarehe tisa Novemba, mwaka themanini na sita, sisi tulikuwa ugenini, mjini Bacău, kwenye matope ya kufika kwenye vifundo, tumeshafungwa moja. Dakika ya sabini nikasawazisha. Dakika ya themanini na nane ikaja krosi nyuma yangu, mbovu, ya kutupwa, nami nikaruka kinyumenyume nikaipiga hewani kwa mguu wa kushoto, na sikuuona mpira ukiingia, niliwaona tu watu wa Bacău wakishika vichwa. Ndilo bao ambalo hadi leo wanaume wa bonde hili hunisimamisha dukani. "Mzee Gavrila, hebu tuonyeshe ule mguu!" Na mimi nauonyesha. Miaka thelathini na minane nimekuwa nikiuinua mguu huu huku nikitabasamu, na kila nilipouinua nilitamani ukatikie palepale.

Kwa sababu saa ileile paa la mwamba lilikiangukia kikosi cha tatu.

Waokoaji walishuka, baba yako Petre akiwa mbele yao. Wakawatoa watano: Ghiorghe na wawili wengine wakiwa maiti, na wawili wakiwa hai ila hawajitambui, wakakimbizwa hospitali. Kazi ikawa imekwisha. Petre alikuwa ameshavua kofia, ameshika kikombe cha chai. Ndipo mkurugenzi akatazama ubao akasema, "Bado mmoja. 417 hajatoka." Yeye ndiye aliyeniandikisha mgodini, ila namba za watu hakuwahi kuzikariri. Waokoaji nao hawakujua ni ya nani. Kwao namba ni mtu, na mtu yuko chini. Bojin peke yake ndiye aliyejua, naye alisimama hatua tatu kutoka kwenye kabati lenye taa yangu. Neno moja tu lingetosha. Lakini pembeni ya mkurugenzi walisimama mabwana wawili wa usalama, wenye makoti ya ngozi, kutoka mkoani, na karani anayeandika zamu za uongo alikuwa anafungwa. Akajiambia, watatafuta kidogo, watakosa, watatoka. Baba yako akaweka kikombe chini, akavaa kofia yake tena.

Mwamba ukashuka mara ya pili.

Dorin. Baba yako alirudi kunitafuta mimi, na mimi sikuwepo.

Kaa, mwanangu. Au simama, kama kukaa hakuwezekani, lakini nisikilize, maana lililo langu hasa bado sijalisema. Wiki ileile Bojin alikuja chumba cha kuvalia jezi, akaketi kwenye benchi, akanieleza yote huku akilia kama mtoto, hata alivyokirudisha kibao changu ubaoni usiku ule ili watu waseme ni hesabu iliyokosewa. Nami nikamwambia, "Nyamaza, mzee, na mimi nitanyamaza." Uongo wa kibao ulikuwa wa wengi. Sentensi hiyo ni yangu peke yangu, na nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina akili zangu timamu, na Jumapili iliyofuata nilikuwa na mechi.

Nikaanza kumletea mama yako kuni. Mara ya kwanza ulikuwa umekaa kwenye ngazi, una miaka minne, ukanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ndiye Mwizi?" Nikasema ndiyo. Sikuja kwa mapenzi, Dorin, nilikuja kwa sababu nilishindwa kulala. Mapenzi yalinikuta pale uani na shoka mkononi. Kuna siku ya majira ya baridi tulikuwa tunakula ugali wetu wa njano, ukanyoosha sahani ukasema, "Baba, niongezee jibini." Baba. Hukujua umesema nini, ulitaka jibini tu. Niliongeza, kisha nikatoka nje, na niliporudi nikamwambia mama yako kwamba macho yameingiwa na baridi. Tangu hapo nilikuwa na sababu ya kunyamaza kubwa kuliko jela. Ningesema, ungeacha kuniita hivyo.

Na Saveta? Miaka mitatu iliyopita, kwenye kitanda hiki, alinishika mkono akasema, "Gavrila, Mungu alininyang'anya mmoja akanipa mwingine." Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Nikamwambia, "Lala, Saveta." Akalala.

Huo ni mlango? Dorin?

Mwache, Otilia. Usimfuate, wala usimwite. Mtu wa damu ile alishaingia chini kwa ajili yangu mara moja, inatosha. Tazama tu dirishani uniambie yuko wapi. Yuko kwenye gari? Hajaliwasha? Basi mwache na theluji yake.

Wewe andika haya. Msalabani wafute mpira walionichongea na ile 119, libaki jina tu. Chakula cha siku ya arobaini kiwe kwa jina la Petre kwanza, kisha Ghiorghe na wenzake wawili, kisha Saveta, mimi niwe wa mwisho, na kama padri ataharakisha, jina langu ndilo aliruke. Kaburi la Bojin liwashieni mshumaa; alikufa kwa kunywa, na alikunywa kwa ajili ya jambo lililokuwa letu wawili. Dorin akikataa nisilale karibu na mama yenu, nizikeni kule chini kwenye uzio, na usimnunie kaka yako hata siku moja. Mmetoka tumbo moja. Ukimnunia nitajua.

Nipe maji. Kidogo. Yanatosha.

Mshumaa uko droo ya juu. Uwashe. Nisiende gizani, Otilia... mikono yangu haishiki tena, utanishikia wewe.

Nani huyo? Dorin. Usivue viatu, njoo hivyohivyo. Unasemaje? Sema kwa nguvu, mwanangu, sikio... Unauliza alisema nini? Baba yako, mwisho?

Sikutaka uniulize hilo.

Aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyesimulia. Alikuwa anatambaa, anagonga mwamba kwa jiwe, anaita, "Ndugu, itika! Nimekuja!" Halafu ananyamaza, anasikiliza. Wenzake wakamwambia, Petre, hakuna mtu, tutoke. Akawaambia, "Yupo. Amechoka tu kujibu." Akaenda mbele tena.

Otilia, Mungu akupe nyumba yenye joto na mikono ya kukusaidia. Dorin... baraka sina haki ya kukupa, ila ninayo, na nikiondoka nayo itapotea bure. Ichukue. Uzeeke. Watoto wako wakuzike wewe, usiwazike wao, wala asiwepo mtu yeyote atakayekuita chini ya ardhi.

Mkono gani huu ulioshika mshumaa? Mzito huu si wa Otilia.

Usiseme kitu. Kuhusu mahali... utasema kesho, nikiwa siwezi kukushukuru wala kukuomba.

Anagonga. Mnamsikia? Bado anagonga.

Petre... sipo huku. Mimi niko Bacău. Toka, ndugu yangu... panda juu... mtoto wako ana miaka minne.